Maziwa ya Nzisa

Sehemu ya Saba

Kidole cha yule mama kilikuwa bado juu, na ukumbi mzima ulikuwa ukikifuata kwa macho.

Wiki nzima mmenisumbua, wengine mpaka sokoni mbele ya vitunguu vyangu, mkitaka kujua kilimwonyesha nani. Haya basi. Kilimwonyesha Nuha, binti wa Khadija, yule yule aliyepanga shughuli zote za wikendi ya Mashujaa katika Jumba la Sanaa la Iveti, na ambaye Jumatatu baada ya sala ya laasiri anaolewa na Ramzi.

"Huyu mwanamke amekaa kwa picha ni mimi," akarudia yule mama. "Hawa watoto wawili ni mimi nilikuwa nanyonyesha. Na huyu wa kike ni wewe. Nimesikia wakikutangaza kwa spika, Nuha wa Khadija. Hilo jina si la watu wengi hapa Machakos."

Picha ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanamke kijana amekaa kwenye kiti cha studio, kila paja lina mtoto, na uso wake hauna tabasamu hata kidogo. Ilikuwa mojawapo ya picha za studio ya Mzee Faki zilizojaza kuta nne, na chini ya kila picha isiyo na jina wageni walikuwa wanaulizwa swali moja: unamjua huyu? Tangu asubuhi watu walikuwa wamewatambua wajomba na walimu wao. Mwanamke mmoja kutoka Mlolongo alikuwa amemkuta babake katika suruali pana ya ujana, akacheka mpaka akalia.

Kwa hiyo Nuha alifurahi, tena sana. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba kulikuwa na jirani Mkamba aliyempa ziwa wakati mama yake amelazwa Nairobi. Hakutarajia kukutana naye, sembuse siku mbili kabla ya harusi.

"Kumbe ni wewe, susu," akasema, akamkumbatia.

"Usiniite susu. Sina mjukuu. Hata mtoto sina."

"Nikuite nani?"

"Nzisa. Hiyo inatosha."

Alikuwa amekuja na akina mama wa kanisa lao la Muthetheni kwa mashindano ya kusuka vyondo, vile vikapu vya katani. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, na mkono wake haukumwachilia Nuha. "Hii picha sikuwahi kuipata," akasema. "Nilihama mjini kabla haijatoka. Nimeiona leo mara ya kwanza."

"Utaondoka na yako," Nuha akamwahidi. "Nitaitia fremu mwenyewe."

Hapo ndipo Mzee Faki alipotoka kwenye kona yake, alikokuwa akiwapiga picha wageni mbele ya pazia lake la zamani lenye ndege ya kuchorwa. Akavaa miwani, akaisogelea picha.

"Hii nilipiga wakati wa ile mvua ya Elnino," akasema kwa furaha. "Na huyu dume aliyenuna namjua vizuri. Ni wa Swabra wa duka la mabati. Huyo ni Ramzi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Akina mama wa Muthetheni walipiga vigelegele. Bibi harusi na bwana harusi kwenye picha moja, tangu wakiwa hawana meno. Antony, kijana wa jumba anayeshughulikia mambo ya mtandaoni, alikuwa tayari ametoa simu. "Hii imeweza," akasema. "Hii inashika mpaka Nairobi." Loise, mkuu wa jumba, akaagiza picha hiyo ikuzwe iwekwe langoni siku ya Jumatatu.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Khadija alikuwa amesimama mlangoni na thamosi ya chai aliyomletea binti yake, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

Najua wasomaji wangu Waislamu wameshashika vichwa. Nyinyi wengine mliokuwa mnapiga vigelegele na wale akina mama, vumilieni kidogo, Khadija atawaeleza.

Alimvuta binti yake hadi stoo, katikati ya viti vya plastiki na maboksi ya udongo wa kufinyanga wa watoto.

"Ramzi alinyonya kwa yule mama?"

"Ndivyo amesema. Si ni ajabu, Mama?"

"Si ajabu. Ni msiba. Watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, Nuha. Ni kama nimewazaa mimi. Hawaoani mpaka kiama."

Nuha akajaribu kucheka, akashindwa. "Lakini yule mama ni Mkatoliki."

"Dini yake haiangaliwi. Kinachoangaliwa ni maziwa."

"Na wewe ulijua alininyonyesha."

"Nilijua ni mara mbili. Nyanya yako aliniapia, mara mbili tu, mengine yote ulikunywa ya kopo. Na ya Ramzi sikuyajua kabisa, sisi na Swabra tumejuana mkiwa shule." Khadija akaketi juu ya boksi. "Sheria ni mara tano. Hata kama nyanya yako alinificha, Ramzi akiwa ni mara moja au mbili, hakuna neno."

Akampigia Swabra, simu ikiwa kwenye spika.

"Ramzi? Huyo alinyonya kwa Nzisa karibu mwaka," Swabra akasema, vyombo vikigongana nyuma yake, maana wapishi walikuwa wameshaanza. "Nikienda Nairobi kuleta mali, namwacha huko. Kwani kuna nini, Mama Nuha?"

Khadija akamwambia. Nyuma ya Swabra vyombo viliendelea kugongana.

Sasa tuelewane. Ya Ramzi hayana ubishi. Yaliyobaki ni ya Nuha. Kama ni mara mbili, anaolewa Jumatatu. Kama ni tano na zaidi, yule mwanamume aliyempenda tangu wakiwa chuo ni kaka yake. Nyanya aliyeapa alishakufa. Mtu pekee duniani anayejua alikuwa kwenye veranda ya jumba, anasokota uzi wa katani pajani.

Nuha alimkuta hapo. Uwanjani watoto walikuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo, na wachongaji wa Wamunyu wakipiga tezo, na kila mtu alionekana mwenye raha kuliko yeye.

"Keti, mwana wakwa," Nzisa akasema, akimsogezea mkeka. "Wewe ni mtoto wangu, naweza kukuambia. Hiyo picha haina mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilikuwa na Musili. Alishikwa na kifua kwa hiyo mvua, akaenda. Hajafika miezi miwili."

"Pole sana."

"Maziwa hayakujua amekufa. Yalikuwa yanajaa tu, mpaka nguo inalowa mbele ya watu. Nilikuwa naona aibu kutoka nje. Nikaona nitakuwa mwendawazimu. Ndio Swabra akaniletea wake mchana. Halafu jioni moja nyanya yako akabisha. Amekufunika kwa leso yake mpaka kichwa, kama mtu ameiba kuku. Akaniambia, usiambie mtu. Hakutaka ijulikane mjukuu wake analelewa na ziwa la mtu wa kanisa."

Nuha akauliza, "Ilikuwa mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Kuninyonyesha."

Nzisa akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Mtoto huhesabiwa kunyonya? Tangu barabara ya Nairobi ilipokatika na mvua, mama yako akiwa huko hospitali, mpaka ikarudi, na yeye akarudi. Kila jioni, na usiku ukilia. Ulikuwa unalala umeshika kidole changu. Nikikitoa, unaamka." Akanyoosha kidole hicho, akakitazama. "Nikasema, huyu wangu ameenda na sina hata picha yake. Hawa nao watarudishwa kwao. Basi nikawabeba wote wawili kwa Faki, nibaki na kitu."

Nuha alikuwa analia.

"Unalia nini?"

"Ni furaha tu," akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na mama wa watu akauamini, akampangusa machozi kwa ncha ya kitambaa.

Jua likielekea kutua, Ramzi akafika. Hakuja na tabasamu lake la siku zote. Antony alikuwa amerusha picha mtandaoni, na maneno juu yake, "Walianza mapenzi wakinyonya." Watu wa Mlolongo wameiona, watu wa Lukenya wameiona. Na Sheikh Jamal, ambaye ndiye wa kuwafungisha ndoa, ameiona pia.

"Amenipigia," Ramzi akasema. "Kesho baada ya adhuhuri anakuja hapa kumsikia huyo mama kwa masikio yake. Atasema nini?"

"Ukweli."

"Na ukweli ni ngapi?"

Nuha akawa anatazama ng'ombe wa udongo waliopangwa kwenye benchi wakauke.

"Ngapi, Nuha?"

"Hazihesabiki."

Ramzi akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Siku nyingine wangecheka. Akainua uso.

"Nyanya yako alisema mbili. Mama yako miaka yote amesema mbili. Kesho akisema mbili, nani ataumia?"

"Itakuwa uongo, Ramzi."

"Niko na wewe miaka hii yote. Niko na nyumba nimeipaka rangi wewe ndiye ulichagua. Nikuite dada saa hii, kwa sababu ya picha ya ukutani? Siwezi. Niambie wewe unaweza."

Hakumwambia anaweza, wala hakumwambia aache. Alinyamaza. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipomkasirikia Nuha, ingawa mimi ndiye ninayemwandika. Msichana aliyesoma, anayepanga sherehe ya watu wote hao bila kukosea, akashindwa kusema neno moja dogo, hapana.

Ramzi akaondoka kuelekea veranda. Nuha akaingia ukumbini, na kupitia dirisha akaona yote bila kusikia lolote. Alimwona akichuchumaa mbele ya Nzisa na kumsalimu kwa mikono miwili. Alimwona Nzisa akiuliza kitu, kisha akiachilia uzi, akimshika mashavu yule mwanamume mzima na kumgeuza uso huku na huku, akicheka. Ramzi akaongea. Akaongea tena. Kicheko kikapungua, halafu kikaisha, na mikono ya Nzisa ikarudi polepole kwenye paja lake.

Mwishowe akatikisa kichwa kukubali. Ramzi akainama akambusu mkono. Nzisa akauokota uzi wake, lakini hakuendelea kusokota.

Jumapili jumba lilijaa kupita Jumamosi. Loise hakuweza kufunga ukumbi siku kama hiyo, kwa hiyo Antony akafunga kamba kuzunguka benchi moja, mbele ya picha ile ile. Mtu alikuwa amemweleza maana ya kile alichokirusha mtandaoni. Watoto waliopakwa rangi usoni, huyu chui, huyu kipepeo, walikuwa wakipita mbio na kuchungulia wazee waliokaa kama kwenye matanga.

Sheikh Jamal alikaa katikati. Khadija na Swabra walikaa pamoja, vidole vyao vimeshikana. Ramzi alisimama. Mzee Faki alikuwa amevua miwani na hakujua aiweke wapi. Nuha alikuwa na kifurushi kwapani, ile picha, imetiwa fremu usiku huo na kufungwa kwa karatasi ya kaki. Alikuwa ameahidi, na ahadi hiyo ndiyo pekee aliyokuwa na nguvu ya kuitimiza.

"Mama," Sheikh akamwambia Nzisa kwa upole, "sitakuapisha. Wewe una dini yako na mimi nina yangu. Nataka tu kumbukumbu yako. Huyu Ramzi ulimnyonyesha sana, mama yake amekiri. Huyu Nuha ulimnyonyesha mara ngapi?"

Nzisa akauliza, "Nikisema ni nyingi, itakuwa nini?"

"Hawa wawili watakuwa ndugu, na wewe utakuwa mama yao. Mama kabisa, wa kuheshimiwa na kutunzwa. Lakini hawataoana."

"Na nikisema ni kidogo?"

"Chini ya tano, kesho wataoana. Na wewe utakuwa jirani mwema aliyewasaidia."

Kumbe Ramzi hakuwa amemwambia sehemu hiyo. Alimwambia tu kwamba neno lake linaweza kuvunja harusi. Kwamba neno hilo hilo lingempa watoto, alimficha. Nuha aliona Nzisa akimtazama Ramzi, na Ramzi akitazama sakafu.

Nzisa akageukia picha. Aliitazama kwa muda mrefu, yule mwanamke kijana asiyetabasamu na mapaja yake mawili yaliyojaa. Uwanjani ngoma zilianza na watu wakashangilia. Nuha alisikia moyo wake ukimwambia mambo mawili kwa wakati mmoja, na akaona haya kwamba lile lililosema kwa sauti kubwa lilikuwa, sema mbili, tafadhali sema mbili.

"Ilikuwa mara mbili," Nzisa akasema.

"Una hakika?"

"Niko na hakika. Mimi ni jirani."

Khadija akasema alhamdulillahi na kujifunika uso kwa mtandio. Swabra akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu jana. Ramzi akaziba macho kwa mikono yote miwili. Sheikh Jamal akawaangalia mmoja mmoja, akatikisa kichwa taratibu, akasema kwamba kwa maneno hayo hakuna kizuizi, na laasiri ya kesho iko pale pale. Akasimama.

Ilikuwa imekwisha. Nuha alikuwa ameshinda. Nyumba iliyopakwa rangi ilikuwa yake, na yule mwanamume alikuwa wake, na hakuhitaji kufanya kitu kingine isipokuwa kunyamaza kidogo tena.

Nzisa akachukua kiondo chake na kukitia begani. Nuha akamwendea na kifurushi.

"Picha yako," akasema. "Ile niliyokuahidi."

Nzisa akaipokea. Akaishika kwa mikono miwili, akaipapasa juu ya karatasi bila kuifungua. Nuha aliona kidole kile, kile cha usiku wa mvua, kikifuata ukingo wa fremu kutoka kona mpaka kona.

Halafu akamrudishia.

"Hapana. Kaa nayo. Si vizuri jirani kuweka nyumbani picha ya watoto wa watu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Aliweka kitambaa chake sawa, akawaaga wote kwa heshima, akamwambia Swabra harusi iwe njema, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa, na kidole kile kimefichwa ndani.

Nuha akabaki na fremu kifuani. Ramzi alikuwa anamjia akitabasamu, macho yamelowa, amenyoosha mikono. Alikuwa amebakiza hatua chache tu amfikie.

"Mama," Nuha akaita.

"Naam, mwanangu," Khadija akaitika kutoka kwenye benchi.

Lakini Nuha hakuwa akimtazama yeye. Nzisa naye hakugeuka. Ngoma zilikuwa na kelele, na hakuzoea kuwa na mtoto wa kumwita hivyo.

"Mama, ngoja," Nuha akaita tena, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Hazikuwa mbili."

Ramzi akasimama hapo hapo, mikono ikiwa bado hewani. Na Sheikh Jamal, ambaye alikuwa ameshavuka kamba, akarudi, akaketi.